Pima Safari kwa Maji: Kuizunguka Omani kwa Baiskeli kutoka Ansab

Ansab haimo katika picha za matangazo ya utalii. Ni mtaa wa makazi wa wilaya ya Bawshar, Maskati, uliotambaa hadi miguuni mwa vilima vya mawe: nyumba nyeupe za ghorofa mbili, misikiti, maduka ya vyakula, viwanja visivyojengwa bado, na magari mengi. Mgeni aliyeteremka uwanja wa ndege na baiskeli yake ndani ya boksi ataambiwa na karibu kila mtu aanzie Mutrah, penye bandari ya zamani, soko na ngome ya Wareno. Ushauri huo unamfaa mtu wa miguu. Mpanda baiskeli unamponza, kwa sababu Mutrah imebanwa na majabali pande tatu, na kuitoka ni kupanda na kushuka katikati ya foleni kwa nusu ya asubuhi ile ya kwanza ambayo mwili bado haujazoea hewa. Mutrah nenda kwa teksi au basi, jioni, ukale samaki. Safari yenyewe ianzie Ansab, na sababu yake inazidi urahisi wa barabara. Safari ndefu ya baiskeli katika Omani hupangwa kwa maji. Anayeipanga kwa kilomita au kwa mandhari huishia pikapu ya msamaria. Ukilikubali hilo, mahali pa kuanzia, upande wa kuzungukia, mwezi wa kuondoka na uzito wa mzigo vyote hupata jibu.

Maskati hupata mvua ya kama milimita 100 kwa mwaka; Dar es Salaam hupata zaidi ya mara kumi ya hiyo. Mji hauna mto. Maji ya bombani kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kazi iliyoanza mwaka 1976 katika kiwanda cha Ghubra, pwani ya wilaya hiyo hiyo ya Bawshar. Yakishatumika majumbani hukusanywa, na sehemu yake hufika Ansab, kwenye mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka. Yaliyosafishwa hunyweshea bustani na miti ya kandokando ya barabara za mji, na mengine yamefanya mabwawa yenye matete ambako hutua heroe, korongo na bata wanaohama. Mabwawa hayo hutembelewa kwa ruhusa inayoombwa kabla, na hata ukiyaona kwa mbali yatakufundisha jambo ambalo ramani haisemi: katika nchi hii kila tone lina mtu aliyeligharimia. Mpanda baiskeli anayeondoka hapa akidhani atakuta kijito njiani amekosea hesabu kabla hajakanyaga pedeli.

Sasa tazama ramani. Nyuma ya Maskati kuna safu ya milima ya Hajar, ukuta wa mawe usiopitika kwa baiskeli yenye mzigo ila mahali pachache. Mlango mkubwa ni bonde la Sumail, njia ya misafara tangu zamani na njia ya barabara kuu ya Nizwa leo. Kutoka Ansab unaelekea magharibi kisha kusini, unapita Fanja na Bidbid, unaingia bondeni na kupanda polepole, bila mwinamo mkali, hadi Izki na Nizwa, umbali wa kama kilomita 140. Kutoka huko unarudi Izki na kugeukia kusini hadi Sinaw, kisha mashariki hadi Ibra na Bidiya, unateremka Sur, na kurudi kwa njia ya pwani kupitia Qalhat, Tiwi na Quriyat. Mzunguko wote ni kati ya kilomita 650 na 700. Vijana wenye baiskeli nyepesi huumaliza kwa siku sita. Mwenye hema na vyombo vya kupikia ajipe wiki mbili, na asione haya.

Kwa nini kuzungukia upande huo na si kuanza na pwani, penye mandhari ya bahari? Kwa sababu upande wa bara ndiko maji yaliko. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifereji mitano ya falaji ya Omani katika orodha ya urithi wa dunia, na mitatu kati ya hiyo imo kwenye kipande kimoja cha njia yako: al-Malki kule Izki, al-Khatmein kule Birkat al-Mawz, na Daris kule Nizwa. Falaji ni mfereji unaochukua maji kutoka chini ya mlima na kuyaleta kijijini kwa mteremko mdogo sana, bila pampu wala injini. Kiasi cha 3,000 bado inafanya kazi nchini. Palipo na falaji kuna mitende, palipo na mitende kuna kivuli na kijiji, na kijijini kuna msikiti, duka na mkahawa. Kwa hiyo kati ya Sumail na Nizwa huvuki masafa marefu bila msaada, na siku za kwanza, ambazo mwili unajifunza kutoa jasho na wewe unajifunza kujipimia maji, unazipitisha mahali ambapo kosa dogo halina adhabu kubwa. Anayeanza na pwani hukutana na kipande kikavu kuliko vyote siku ya pili au ya tatu, kabla hajajua anakunywa lita ngapi kwa saa.

Ukifika kwenye falaji uijue adabu yake. Maji hayo yana wenyewe: kila shamba lina zamu yake, iliyohesabiwa tangu kale kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa nyota usiku. Mahali mfereji unapoingia kijijini ndipo penye maji ya kunywa, kisha hufuata msikiti na sehemu za kuogea, za wanaume mbali na za wanawake, na mashamba huja mwisho. Usinawe juu ya mahali watu wanapochota, usitie sabuni, wala usioshe cheni ya baiskeli humo, hata kama watoto wa kijiji wanachezea maji mbele yako. Ya kunywa chota kwenye majokofu ya sabili nje ya misikiti, yaliyowekwa kwa ajili ya mpita njia. Hayo ndiyo vituo vyako vya kweli, na katika miji na vijiji vya njia hii ni rahisi kuyapata. Mnara wa msikiti huonekana mbali. Ukiuona, elekea huko hata kama chupa hazijaisha.

Atatokea mtu aseme kwamba Omani ni nchi ya gari. Ana haki ya kusema hivyo. Barabara kuu ni pana, mwendo unaoruhusiwa hufika kilomita 120 kwa saa, na kipande cha kutoka Ansab hadi Fanja hakina uzuri wowote: malori, upepo wa malori, na bega la barabara lililojaa nyuzi nyembamba za waya zitokazo kwenye tairi za malori zilizopasuka. Nyuzi hizo ndizo adui mkubwa wa tyubu kuliko miiba ya migunga. Huingia bila kishindo, hewa inatoka polepole, na ukiziba kiraka bila kuupata waya wenyewe, utaziba tena baada ya nusu saa. Chukua kibano kidogo cha nyusi, pitisha kitambaa au pamba ndani ya tairi mpaka kishike, kisha uuvute uzi nje. Hata hivyo hoja ya gari inasahau jambo moja. Kadiri serikali ilivyojenga barabara mpya za njia nne, malori na wenye haraka walihamia huko, na barabara za zamani zikabaki na watu wa vijiji, mbuzi na mabasi ya shule. Ndivyo ilivyo Sumail, ambako barabara ya zamani inapita katikati ya mitende huku ile kubwa ikivuma pembeni, na ndivyo ilivyo sehemu nyingi za njia ya Sharqiya, upande wa mashariki wenye Ibra na Sur, baada ya kujengwa barabara mpya ya Bidbid hadi Sur. Mwenye gari huziruka sehemu hizi kwa dakika chache. Kipande cha Fanja, ukitaka, kipite asubuhi ya Ijumaa mji ukiwa umelala, au lipia pikapu ikuvushe. Hakuna hakimu wa mashindano anayekutazama.

Kuhusu mapito ya mabondeni, yaani wadi, kanuni ni moja na haina mjadala: maji yakitembea juu ya barabara, usivuke. Sheria ya usalama barabarani inawaadhibu madereva wanaojitosa, na sababu yake haijasahaulika. Aprili 2024, kule Samad al-Shan, karibu na njia yako ya kwenda Ibra, wanafunzi waliokuwa ndani ya gari walisombwa na mafuriko. Mvua inaweza kunyesha mlimani usikoona, na wewe ukawa umekaa chini ya jua kali ndani ya mkondo mkavu ukipika chai. Hema halipigwi wadini hata kama mchanga ni laini na mti upo. Namba ya dharura ni 9999.

Pingamizi la joto ni zito zaidi, na wengi hulijibu vibaya. Wanasema: basi panda usiku. Usiku wa tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi, na hiyo ikawa rekodi ya dunia: kiwango cha chini cha siku kilicho juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa. Kwa maneno mengine, saa ya baridi kuliko zote siku hiyo ilikuwa na joto ambalo Mombasa haijawahi kuliona mchana wa Februari. Kiangazi hakidanganywi kwa taa ya mbele. Safari hii ni ya Novemba hadi Februari tu, mchana unapokuwa wa nyuzi ishirini na kitu na usiku wa Nizwa unataka sweta. Gharama ya msimu huo ni ufupi wa siku: Desemba jua huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na kuzama kama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mwenye kupanga kilomita 120 kwa siku atajikuta akitafuta pa kulala gizani. Panga 60 au 70, na ikiwezekana mwisho wa siku uwe kijijini.

Msimu huu una jambo jingine la kupangilia. Ramadhani ya 2026 iliangukia Februari na Machi, na kwa miaka kadhaa inayofuata mwezi huo utakuwa ndani ya miezi ya baridi hiyo hiyo. Mikahawa hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kosa, awe mlaji Mwislamu au si Mwislamu. Msafiri Mwislamu ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, lakini ruhusa hiyo haimpi idhini ya kukaa kizingitini mwa duka na chupa mdomoni. Kwa mtu anayehitaji kunywa kila robo saa, hilo ni tatizo la kweli. Ni bora usogeze safari kuliko kutegemea kujificha nyuma ya mwamba.

Kuhusu mzigo, wapandaji wengi hubeba nguo nyingi na maji machache. Fanya kinyume. Katika bara, lita tatu au nne baina ya vijiji zinatosha. Baina ya Sinaw na Ibra, na baada ya Bidiya, beba sita. Pwani nitaisema mbele. Mtu anayekanyaga juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa, na maji matupu hayatoshi, chumvi nayo inatakiwa. Hapa nchi inakusaidia: tende na maziwa ya mtindi yenye chumvi, laban, yanauzwa kila duka. Mikahawa ya Wahindi wa Kerala, iliyotapakaa karibu kila kituo cha mafuta, hutoa chapati za kukunja na mayai na chai ya maziwa kwa baisa mia chache. Riali moja ni baisa 1,000, nayo ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu. Spea nunua Maskati: tyubu, tairi moja la akiba, spoki, cheni, vipande vya breki. Mikoani mafundi wapo kwa ajili ya baiskeli za watoto na za vibarua, na wanaweza kukunyooshea rimu kwa ustadi, ila usitarajie wawe na tairi la kipimo chako. Vaa suruali inayofunika magoti na shati la mabega, mwanamume na mwanamke. Ile nguo ya kubana ya mashindano ivae ndani.

Wengi watauliza kuhusu Jabal Akhdar, kwa sababu wameuona kwenye mashindano ya Tour of Oman, yaliyoanza mwaka 2010 na ambayo siku yake kubwa huishia mlimani humo. Wanaoupanda siku hiyo ni watu wa kazi hiyo, wenye baiskeli za kilo saba na gari la timu nyuma yao. Polisi wa kituo cha chini, Birkat al-Mawz, hawaruhusu gari la kawaida kupanda. Lazima liwe la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, na shida yenyewe ni mteremko wa kurudi, unaopasha breki moto. Iache baiskeli kijijini na ulipe gari. Mlima utauona vizuri zaidi ukiwa na pumzi.

Kipande cha Sharqiya ndicho kitakachomlipa msomaji wa Kiswahili kuliko mgeni mwingine yeyote, na hapo hoja ya maji inaingiliana na hoja ya watu. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja, alizaliwa mwaka 1791 Sumail, kwenye njia uliyopita siku ya kwanza au ya pili. Koo nyingi zilizofanya makazi Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki zilitoka Ibra, al-Mudayrib na vijiji jirani, mahali ambapo ukame na falaji iliyokauka vilikuwa sababu tosha ya mtu kuteremka Sur na kupanda jahazi. Wengine walirudi baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuhitaji watu waliosoma. Kwa hiyo usishangae mzee mwenye kofia na bakora, baada ya kuitikia salamu yako, akuulize umetoka wapi kwa Kiswahili cha Unguja Mjini. Anza na asalamu alaykum. Ukiona Kiswahili kinaitikiwa, ndipo umwamkie kama unavyomwamkia mzee wa kwenu: shikamoo, babu. Ukiitwa kahawa, kaa. Kikombe ni kidogo, kitajazwa tena mpaka ukitikise, na tende huja kwanza. Jambo moja la busara: mwaka 1964 usiuanzishe wewe. Wapo waliopoteza jamaa na mali, na akitaka kuzungumza atazungumza mwenyewe, pengine kwa muda mrefu kuliko ulivyopanga. Wenye gari hawakaribishwi hivi, kwa sababu hawasimami. Baiskeli husimama kila mara, nayo kila ikisimama inaeleza bila maneno kwamba mwenyewe ana kiu.

Kutoka Sur hali inabadilika. Milima inakaribia bahari, mashamba yanapungua, na kivuli kinakuwa kile cha madaraja. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alishuka upande huu wa Sur akauona mji wa Qalhat kwa mbali, akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu na mwongozaji asiyemwamini. Walipotea katika makorongo, maji yakawa shida, viatu vikambana, na alipofika Qalhat miguu ilikuwa imejeruhika vibaya hata ikambidi apumzike siku kadhaa. Umbali wenyewe ni kama kilomita 25. Pwani hii huleta vitu vya mbali karibu na jicho, na hiyo ndiyo sababu nasema kilomita si kipimo. Magofu ya Qalhat, na kaburi la Bibi Maryam linalosimama peke yake juu ya mteremko, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Yatazame, lakini usiyategemee kwa maji. Jaza lita nane au tisa Sur, jaza tena Tiwi, penye mitende na bonde la Wadi Shab, na tena kila utakapoona kituo cha mafuta kabla ya Quriyat. Kilomita hizi 120 zigawe mara mbili, ulale Tiwi au Fins, na kila siku uwe umeshamaliza kazi kabla ya adhuhuri.

Kutoka Quriyat unarudi kupitia milima hadi al-Amarat, na hapo kuna uamuzi wa mwisho. Barabara ya mlimani inayounganisha al-Amarat na Bawshar ndiyo fupi, na inakutupa karibu na Ansab kabisa, kwa mteremko wa kilomita chache ambao mwinamo wake hufika asilimia kumi. Mwaka 2015 Tour of Oman ilipita barabara hii siku ya joto kali. Breki zilipasha rimu moto hata tairi zikapasuka wakati wa kuteremka, waendeshaji wakasimama chini ya daraja na kukataa kuendelea, na siku ile ya mashindano ikafutwa. Wao hawakuwa na mizigo. Ukiwa na kilo 25 nyuma na breki za kubana rimu, pitia Wadi Adai, ambako barabara ina magari mengi lakini inateremka kwa upole. Mwenye breki za diski anaweza kuchukua njia ya mlima alfajiri, kwa sharti la kusimama mara tatu kabla hajafika chini na kusubiri diski zipoe.